Siku Tulipomwambia Binti Yetu Atie Sahihi

Akina mama wenzetu, hapa kwetu Lukuledi kuna swali ambalo kila mzazi aliyesomesha huulizwa akitoka kanisani siku ya Jumapili: "Mtoto yuko wapi siku hizi, na anafanya kazi gani?" Kama ni mwalimu, jibu ni jepesi. Kama ni muuguzi, jibu ni jepesi zaidi, maana mmoja wetu ni muuguzi mwenye stashahada na kijiji kizima kimeshapita mikononi mwake kwa sindano ama kwa kujifungua. Mwenzake ni mwalimu wa shule ya msingi. Lakini binti yetu wa kwanza alipoajiriwa Dar es Salaam mwaka 2023, tulikosa la kusema. Barua yake ya ajira ilieleza kwamba yeye ni mchambuzi wa kodi katika ofisi ya uwekezaji ya chuo kikuu. Tuliisoma barua ile sisi wawili, baba na mama, tukairudia, kisha tukaikunja na kuirudisha kwenye bahasha.

"Anashughulika na kodi," tukawajibu waliouliza.

Lo! Heri tungenyamaza. Kuanzia siku hiyo mjomba wake akawa anamwita Zakayo, na akina mama wa jumuiya yetu wakawa wanatuuliza kwa kucheka kama naye amepanda mkuyu. Kwa watu wa Masasi na Newala neno kodi halina sura nzuri, na sababu tunayo. Mkulima wa huku anapopeleka korosho zake kwenye ghala, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, bei ya mnada hutangazwa kwa sauti na watu hupiga makofi. Fedha inayomfikia ni nyingine. Kuna makato ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya halmashauri, ya ghala na ya usafiri. Tena uko ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, ambao mnunuzi ndiye anayeulipa kwa mkono wake, lakini mkulima huona umeshamshukia yeye kwenye bei. Mwaka 2018 ushuru huo ulizua mabishano makali bungeni. Kabla ya hapo asilimia 65 yake ilikuwa inarudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao la korosho. Mwaka huo ikaamuliwa fedha yote iende Mfuko Mkuu wa Serikali. Novemba mwaka uleule, wanunuzi walipotoa bei ya chini, Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzichukua. Nani aliyeishi huku msimu ule atakayesahau jinsi tulivyongojea malipo? Basi ukimwambia mtu wa huku kwamba mwanao ni wa kodi, usishangae akikutazama mara mbili.

Alipokuja likizo yake ya kwanza tukamketisha barazani, tukamwambia atueleze kazi yake polepole, kama anayemweleza bibi yake. Na bibi yake naye alikuwepo, anabangua korosho.

"Baba, Mama, mimi sitozi kodi ya mtu," akasema. "Chuo kina mali. Mali inazaa. Kazi yangu ni kujua katika kila kilichozaliwa, kipi ni cha Serikali na kipi ni cha chuo, na kuhakikisha hakuna anayemla mwenzake."

Bibi akauliza chuo kinafuga nini.

Tulicheka, lakini swali la bibi lilikuwa ndilo lenyewe. Chuo kile, ambacho si cha Serikali, kina jengo mjini lenye maduka na tawi la benki. Kina hosteli. Kina hisa katika makampuni yaliyoandikishwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kina hati fungani za Serikali, na kina vipande katika mifuko ya pamoja, aina ya ule Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005. Kila mnyama katika zizi hilo ana kodi yake. Gawio la hisa za kampuni iliyo sokoni hukatwa asilimia 5 kabla halijafika, na hapo limekwisha, hakuna hesabu nyingine. Pango la duka hukatwa asilimia 10. Mpangaji mfanyabiashara aliyekubaliana kulipa shilingi 1,000,000 humlipa mwenye jengo 900,000, na zile 100,000 huzipeleka mwenyewe Mamlaka ya Mapato kabla ya siku 7 za mwezi unaofuata kupita. Hiyo huitwa kodi ya zuio. Akishalipa, hati hutoka, na hati hiyo humfikia mwenye jengo.

Hati ile, akina mama, ndiyo moyo wa habari yetu, kwa hiyo tuvumilieni. Kwa taasisi kama chuo, ile laki moja si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali. Mwisho wa mwaka chuo huandaa ritani, yaani karatasi za hesabu ya kodi, na katika hesabu hiyo kinasema: tunadaiwa kiasi hiki, lakini wapangaji wetu wameshatulipia kiasi hiki, hati hizi hapa. Bila hati, chuo kimekatwa mara ya kwanza na kitalipa tena mara ya pili.

Baba yake akauliza, kama wengi wenu mnavyouliza sasa, kwa nini chuo kilipe kodi wakati kinasomesha watoto. Nasi tulikuwa tunaamini kwamba shule, hospitali na kanisa havihusiki kabisa. Sivyo. Katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, taasisi ya hisani ni ile iliyoomba kwa Kamishna na kukubaliwa kuwa imeundwa kwa ajili ya kusaidia maskini, kuendeleza elimu, afya na mambo ya namna hiyo. Kutundika msalaba mlangoni au kuandika "chuo" getini hakutoshi. Na hata ikikubaliwa, sheria hutazama fedha imekwenda wapi. Iliyotumika kwa kazi yenyewe ya elimu hutolewa katika hesabu. Robo ya pato yaweza kuwekwa akiba. Ukitaka kuweka zaidi ya hapo, kwa mfano unakusanya fedha ya kujenga maabara, huna budi kwenda kuomba. Kwa hiyo lazima awepo mtu anayekaa na makaratasi hayo mwaka mzima, akijua shilingi ipi ilisomesha na shilingi ipi ilikaa tu.

Baadaye tuligundua kwamba jambo hili ni kubwa kuliko jengo lile moja. Wengi wenu mnaofika Dar es Salaam mmeshatembea Mlimani City, mkanunua au mkatazama tu, kama sisi. Ardhi ile ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kiliingia mkataba wa miaka 50 na mwekezaji kutoka Botswana, milango ikafunguliwa mwaka 2006, na fungu la chuo likawekwa kuwa asilimia 10 ya mapato ghafi ya pango. Mkataba huo umesemwa sana bungeni na katika taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, watu wakiuliza kama fungu hilo latosha. Hatujui kuhukumu mikataba. Tunachokumbuka ni kwamba tulikuwa tunapita kati ya vioo vile bila kufikiri hata siku moja kwamba tumesimama katika shamba la chuo.

Na huko Marekani, binti yetu alitusimulia kisa ambacho bibi hadi leo hupenda kurudiwa. Mwaka 1947 kiwanda cha makaroni kiitwacho Mueller kilinunuliwa kwa faida ya shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha New York. Kwa kuwa chuo hakilipi kodi, makaroni nayo yakawa hayalipi kodi! Wenye viwanda vingine wakalalamika, ikawa hofu kwamba siku moja tambi zote nchini zitapikwa na maprofesa. Mwaka 1950 ikapitishwa sheria: chuo kikifanya biashara isiyohusiana na kazi yake ya elimu, faida ya biashara hiyo italipiwa kodi kama ya mtu mwingine yeyote. Chuo kile hakikupata hasara mwishoni. Mwaka 1976 kiwanda kikauzwa kwa dola milioni 115. Lakini toka sheria ile vyuo vikubwa vya kule vina watu ambao kazi yao ni hiyohiyo ya binti yetu, maana fedha zao zimewekwa katika mamia ya ubia, na kila ubia hutuma karatasi yake ya kodi. Harvard peke yake ina akiba iliyopita dola bilioni 50. Mwaka 2017 Bunge la kule likaweka kodi ya asilimia 1.4 juu ya faida ya uwekezaji wa vyuo binafsi vyenye mali nyingi kwa kila mwanafunzi, na mwaka 2025 likapitisha sheria ya kupandisha kwa ngazi, vile vyenye utajiri mkubwa zaidi vifikie asilimia 8.

"Makaroni!" bibi akawa anarudia. "Kumbe kodi nayo ina hadithi."

Kwa muda tukawa watu wa kujivuna. Kila mwisho wa mwezi binti alituma fedha, na fedha hiyo tuliipangia kazi kabla haijafika: ada ya mdogo wake aliyekuwa anamaliza kidato cha sita na kutarajia kwenda chuo, dawa za kisukari za baba yake, na bati za nyumba. Hatusemi hivi kwa kuona aibu. Ninyi mnajua mtoto wa kwanza wa kike katika nyumba ya mwalimu na muuguzi ni nguzo ya tatu.

Basi ikafika Desemba ya mwaka 2024. Mwaka wa hesabu wa chuo chao huishia Juni, na ritani hutakiwa ndani ya miezi 6, kwa hiyo mwisho wake ni tarehe 31 Desemba. Sisi tulikuwa tunamngojea kwa Sikukuu. Badala yake akapiga simu usiku, sauti yake imekauka.

Mambo yalikuwa hivi. Katika kuandaa ritani alichukua orodha ya wapangaji, akalinganisha kodi ambayo kila mmoja alisema ameizuia na hati zilizomo kwenye jalada. Hazikulingana. Kwa baadhi ya wapangaji hapakuwa na hati hata moja kwa miaka mitatu. Walikuwa wanakata asilimia 10, wanalipa iliyobaki, na ile waliyokata haijulikani ilipoishia. Na miaka yote iliyopita hesabu za chuo zilikuwa zimeandikwa kana kwamba hati zipo. Alipomwonyesha mkubwa wake, akaambiwa aandike kama ilivyoandikwa mwaka jana, muda umekwisha, mambo ya hati yatafuatwa baadaye, na atie sahihi yake mahali pa mwandaaji.

"Sijatia," akatuambia. "Mnasemaje?"

Akina mama, tulinyamaza kidogo. Halafu tulisema neno ambalo tungetamani tulirudishe. Baba yake alisema kwanza, na mama yake akaunga mkono, tena kwa maneno mengi zaidi. Tulimwambia yeye ni mgeni kazini. Tulimwambia mkubwa ndiye mwenye dhamana. Tulimkumbusha mdogo wake, tukamkumbusha dawa. "Tia sahihi, mwanangu, utakuja kurekebisha mwakani."

Kimya kirefu. Kisha akauliza, si kwa jeuri, bali kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Mama, kule wodini, ungetia sahihi kwenye daftari la mofini bila kuhesabu chupa?"

Wauguzi wanaosoma gazeti hili wanajua lilivyochoma swali hilo. Dawa zile zenye kulevya hukaa katika kabati lenye kufuli, na daftari lake hutiwa sahihi na watu wawili baada ya kuhesabu. Tulipokuwa vijana tumewahi kukataa kupokea zamu usiku wa manane kwa sababu kichupa kimoja kilikuwa hakionekani, na muuguzi aliyetangulia akalia, na sisi hatukulegea hadi kilipopatikana kimeviringika chini ya toroli. Hadithi hiyo tulimsimulia binti yetu tangu angali mdogo, tukiitumia kama sifa yetu. Sasa alikuwa ameturudishia, na hatukuwa na jibu. Tukamwambia usiku umekuwa mwingi, alale. Tukakata simu.

Hakutia sahihi. Aliandika dokezo la kurasa mbili, akaambatanisha orodha, akalipeleka kwa mkubwa wake na nakala juu yake. Siku zilizobaki kabla ya tarehe 31 alizimaliza kwa miguu, anapita duka kwa duka katika lile jengo, anaomba hati. Alitusimulia baadaye kwamba wapangaji wengine walikuwa nazo, zimesahauliwa tu kwenye droo. Mmoja alimfukuza. Mwingine, mwenye duka la vitambaa, alilia, akakiri kwamba alizila zile fedha mama yake alipolazwa. Ritani ikapelekwa na hesabu ya kodi iliyothibitishwa tu, chuo kikalipa tofauti, na kwa miaka ya nyuma kikalazimika kurekebisha na kulipa na riba. Ilikuwa fedha ya kuumiza. Walikuwepo waliosema, na si kwa siri, kwamba msichana wa kutoka Kusini ameliingiza chuo hasara.

Januari akahamishiwa ofisi ya hosteli kuhesabu vitanda na magodoro. Mshahara ulibaki, posho ikaondoka. Kwetu nyumbani maana yake ilikuwa moja tu: mdogo wake hakwenda chuo mwaka ule. Alikaa hapa Lukuledi akisaidia kupalilia mikorosho na kupulizia salfa, na kila tulipomwona amekaa chini ya mkorosho na simu yake tulijua anawatazama wenzake walioanza masomo. Hakutulaumu, wala hakumlaumu dada yake. Mjomba ndiye aliyesema, na kwa watu wetu mjomba akisema hakuna wa kumkatiza: kwamba tumemlea mtoto asiyejua tumbo la nduguye.

Na binti yetu mwenyewe akapunguza simu. Alikuwa anatuma fedha kidogo aliyonayo, ujumbe mfupi, "Shikamooni, dawa za Baba," basi. Tulijaribu kumpigia. Alipokea kwa adabu zote. Mama anayemjua mwanawe huijua adabu inayofunga mlango.

Hapo ndipo lilipotukuta jambo la fremu.

Kikundi chetu cha akina mama wa parokia kina fremu mbili za duka kando ya barabara. Tulizijenga kwa kuchangishana na kwa kuuza maandazi, na pango lake hununulia sare na madaftari watoto wasio na wazazi. Mpangaji wa fremu moja ni bwana mmoja wa Newala, Mmakonde, Mwislamu mpole anayeuza vifaa vya baiskeli na ndoo za maji. Ndoo anazielewa, maana ametoka juu ya uwanda ambako maji hununuliwa na kutunzwa kama dawa. Kwa miaka miwili bwana huyo alikuwa analeta pango pungufu. Mwenzake alilipa kamili, yeye alipunguza sehemu ya kumi. Mhazini wetu alipouliza alijibu, "Nimekata ya Serikali." Sisi tukaona ni ujanja. Tena, tuseme ukweli wote, katika kikao kimoja mbele ya watu zaidi ya ishirini tulimwita mwizi wa fedha za yatima, na sauti iliyosema hivyo ilikuwa ni ya huyu muuguzi anayeandika. Bwana yule alivaa kofia yake akaondoka. Kesho yake alifungua duka kama kawaida, akatuamkia kama kawaida.

Katika kutafuta maneno ya kuanzia mazungumzo na binti yetu, tukampigia na kumweleza habari hiyo, tukiulizia kama kitaalamu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili akacheka.

"Mama, mlimwomba hati?"

Hatukumwomba. Hatukujua kwamba ipo hati ya kuombwa, ingawa mtoto wetu mwenyewe alitueleza barazani, tukafurahia hadithi ya makaroni.

Tukaenda, mhazini na sisi, siku ya Jumatano jioni anapofunga. Tulipotaja neno hati, bwana yule hakusema kitu. Aliinama chini ya kaunta akatoa bahasha ya kaki, ndani yake zimepangwa kwa miezi, zote, hakuna mwezi uliokosekana. Alikuwa anakwenda Masasi mjini mwenyewe kuzishughulikia. Tukamuuliza kwa nini hakutuonyesha siku ile. Akasema, "Mlikuwa wengi, mama. Na mlikuwa mmeshamaliza."

Tulimwomba radhi palepale, na Jumapili iliyofuata tukaomba radhi tena mbele ya kikundi, kwa kuwa tusi lilitolewa mbele ya kikundi. Kuhusu yule mpangaji mwingine, aliyekuwa analipa kamili na tukimsifu, ikadhihirika kwamba hakuwa anapeleka chochote popote. Si lazima tueleze sura zetu zilivyokuwa. Kikundi chetu nacho hakikuwa na namba ya mlipa kodi, wala hakijapata kuomba kutambuliwa kama cha hisani. Tulidhani jina la parokia latosha. Binti yetu alituelekeza kwa simu hatua kwa hatua, jioni tatu mfululizo, sisi tukiandika katika daftari la kliniki. Ndivyo tulivyorudi kuongea.

Septemba mwaka 2025 alikuja mkuu mpya wa fedha pale chuoni, akakuta lile dokezo la kurasa mbili kwenye jalada, akamrudisha binti yetu kwenye meza yake. Posho imerudi. Mdogo wake ameanza chuo, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mjomba bado anasema Zakayo, ila siku hizi huongeza kwamba Zakayo mwenyewe alikuwa na hesabu nzuri.

Alikuja Novemba, wakati wa minada. Tulikuwa tumejiandaa kumwambia maneno, tumeyapanga sisi wawili usiku kwa usiku: kwamba simu ile ya Desemba hatukumshauri kama wazazi, tulimshauri kama watu wenye hofu. Baba yake alianza, akakwama. Mama yake akaanza, akakwama vilevile. Binti akasema, "Yameisha, Mama. Nami niliogopa. Ningalitia sahihi kama mngalisema mara ya pili."

Bibi yake, ambaye hakuwa anasikiliza, akaja na karatasi yake ya malipo kutoka chama cha msingi, imekunjwa mara nne kwenye pindo la khanga. Akamtandikia mjukuu wake mapajani.

"Wewe wa makaroni," akasema, "nisomee hapa. Nani amekula, na amekula nini?"

Wakakaa mkekani mpaka giza likaingia, kidole cha mmoja kikifuata mistari, cha mwingine kikihesabu korosho kuwa mfano, kilo kwa kilo. Katika makato yote walipata moja lisiloeleweka. Asubuhi wakaenda wote wawili chamani kuuliza, bibi ametangulia na fimbo yake.